Damu ya Shemeji

Watu waliokuja kunipa pole walirudia neno moja: marehemu mume wangu alikuwa msikivu. Nikainamisha kichwa, nikasema asante. Msikivu! Wateja wake aliwasikiliza, hilo ni kweli. Kinyozi asiposikiliza atampa mtu upara asioomba. Lakini mimi niliishi naye, na ninaandika haya kabla sijaanza kumsifia kama wao.

Nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Kliniki walinitoa damu kama wanavyowatoa wajawazito wote, kisha muuguzi akanivuta pembeni, akaniambia nina kaswende. Nilitafuta pa kukaa. Sikuwa na kidonda wala homa, sikuwa na lolote.

"Inaweza kujificha mwilini miaka," akasema. "Hapa hatumtafuti aliyeileta, tunataka mtoto atoke salama. Ikimfikia humo tumboni anaweza kufa, au akazaliwa mgonjwa. Wewe nakuchoma sindano leo. Mumeo naye aje apimwe, atibiwe. Asipokuja atakuambukiza tena, na mimi nitakuwa napiga deki huku bomba limeachwa wazi."

Nilimweleza mume wangu taratibu, baada ya kula. Kwanza akauliza nimeitoa wapi. Nikamwambia nami nilikuwa na swali hilo hilo. Akasema ataenda kesho.

Kesho yake wateja walikuwa wengi. Siku iliyofuata mashine ya kunyolea ilikuwa inakwaruza. Halafu umeme ukakatika, nikasema basi, huna kazi, twende. Akasema akiondoka tu utarudi. Mwisho wa yote akatoa la moyoni: mtu wa maabara pale kliniki ni mteja wake.

"Kila Jumamosi namshika kichwa. Nitamshikaje tena akishajua yaliyomo kwenye damu yangu?"

"Yeye anaona damu za watu kila siku. Wewe unaona mba za watu, umewahi kumtangaza nani?"

"Mba si kaswende."

Hapo alisema kweli, na ndiyo maana niliudhika zaidi. Muuguzi alikuwa amesema tusikutane mpaka wote wawili tumalize dawa, kwa hiyo nikamtandikia godoro sebuleni.

Godoro lile likafanya kazi kuliko mdomo wangu. Siku moja akarudi akipiga mluzi: ameshapimwa, hana kitu, na kama simwamini nikaulize mwenyewe. Nikaenda kuuliza. Muuguzi akathibitisha kuwa mume wangu alikuja na damu yake ni safi, na kwa kuwa mimi nilikuwa nao ugonjwa, wamemchoma sindano hivyo hivyo kwa tahadhari. Nilirudi nyumbani nimechangamka. Godoro la sebuleni likakunjwa.

Nilipokwenda kliniki tena, muuguzi alinipokea kwa kicheko.

"Mumeo mcheshi jamani! Eti msumeno uliomla kidole haukumuuma kama sindano yangu."

"Msumeno gani?"

"Si fundi seremala?"

"Mume wangu ni kinyozi," nikasema. "Vidole vyake vyote vipo."

Kicheko kikamwisha. Mimi nilikuwa tayari namwona shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye siku zile alikuja kwetu akala amesimama, akisingizia mgongo.

Nilimkuta karakana akipiga randa mlango. Hata hakukana.

"Kaka alisema yule wa maabara hajui jina lake, humwita fundi tu. Tena tumezaliwa tumbo moja, damu yetu ni moja. Kinachopimwa si damu?"

"Na ukioa, shemeji, kaka yako atakwenda kukuolea?"

"Usikasirike shemeji, una mimba."

"Ndiyo maana nimekasirika!"

"Mimi je? Mimi ndiye niliyechomwa!" akasema kwa uchungu, mkono ukienda nyuma wenyewe. "Tena kaka hakuniambia kama kuna sindano."

Nilitoka pale moja kwa moja mpaka kwenye kibanda cha kunyolea. Sikwenda kugombana. Muuguzi alikuwa ameniambia kwamba huenda sindano zangu zote nianze upya, na tumbo lilikuwa haliningoji. Kibanda kilikuwa na kiti kimoja. Mteja alipoinuka akijipangusa nywele shingoni, nikakaa mimi.

"Fundi, mama anataka panki!" akasema mmoja kwenye benchi.

"Mnyoe, mteja ni mfalme," akadakia mwingine.

Mume wangu akaniinamia sikioni. "Inuka, mama. Watu wanasubiri."

"Na mtoto anasubiri."

"Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani tumeshaongea. Kwa shemeji nimeshaongea, na kidole chake tumekiongelea. Nimebaki kuongea na hawa."

Nikakizungusha kile kiti, nikaitazama benchi. Wote wakanitegea masikio. Sikusema neno, wala sikukusudia kusema, ila yeye hakulijua hilo. Nikasikia mashine ikizimwa nyuma yangu.

"Jamani, leo nafunga mapema."

"Kinyozi hajinyoi," akasema yule wa kwanza, akivaa kofia yake. "Leo kapata wa kumnyoa."

Tukashika njia ya kliniki. Yule mtu wa maabara alipomwona akasema, "Kunja ngumi, fundi," na hakuongeza lingine. Majibu yalitoka: alikuwa na kaswende. Akachomwa, na mimi nikaanza upya. Muuguzi hakunigombeza. Aliliangalia tumbo langu, akashusha pumzi, na pumzi ile niliibeba mpaka siku ya kujifungua. Mume wangu alirudi kumalizia sindano zake zote bila kukosa, na kila mara nilisikia habari za tako lake mpaka tunalala, kama kwamba mimi nilikuwa nikichomwa kwenye nguo.

Jumamosi mtu wa maabara alikuja kunyolewa kama kawaida. Akaegemeza kichwa, akafumba macho, akampa shingo. Mume wangu alinisimulia kwamba alimpaka sabuni mara mbili, maana mara ya kwanza alisahau kuanza. Mtu yule alisema tu apunguziwe pembeni.

Mtoto alipozaliwa walimtoa damu. Kusubiri majibu yale kulinitesa kuliko uchungu wenyewe. Kila mlango ulipofunguliwa nilidhani ni yeye analetwa amefunikwa uso. Muuguzi alipoingia alikuwa anatabasamu: mtoto mzima, damu yake haina shida, ila tumrudishe baadaye waangalie tena. Mume wangu akaingia nyuma yake.

"Unaona?" akasema. "Nilikwambia mtoto hatakuwa na kitu."

Nilikuwa na majibu ya kujaza wodi. Muuguzi naye, nilimwona, alikuwa na ya kwake. Lakini mikono yangu ilikuwa imechoka na mume wangu alikuwa ameinyoosha yake, nikampa mtoto. Akakiweka kile kichwa kwenye kiganja kimoja, akakigeuza polepole kwenye mwanga wa dirisha, akautazama utosi ukidunda.

"Huyu tutamtafutia kinyozi mwingine," akanong'ona. "Mimi siwezi."