Shaba Kidogo Ndani ya Chuma

...na uzi huu nao umeniona mjinga, unapita pembeni ya tundu la sindano kama mtu anayekwepa salamu, mimi niliyeyeyusha lori zima la chuma chakavu kabla ya chai, waulize pale kiwandani, wakikataa ni wivu, leo kifungo cha koti la mke wangu kinishinde, koti lenyewe la kesho, mbele ya watahini, maana amerudi chuoni na mvi zake, na sasa amesimama mbele ya kabati la nguo analiambia, waheshimiwa, chuma cha mtambo wa nyuklia hupigwa na nyutroni miaka nenda miaka rudi, chembe zake zinang'olewa kwenye viti vyao, zinaacha mapengo... sauti ileile inayonifokea nivue viatu mlangoni, leo inaliita kabati waheshimiwa, na kabati lina adabu kunishinda, limenyamaza, ndiyo masharti, nisikilize nisichangie, ananijua, nikifungua mdomo ni mota za chakavu, ni nyaya za shaba zilizosahaulika ndani, ni mimi niliyeinusa shaba tanuri likiwa limefungwa, hadithi tamu, na robo yake ni kweli... haya, amefika palepale alipokwama mara ya kwanza wakamfelisha, kwa nini shaba kiduchu namna hiyo iharibu chuma kikubwa namna ile, kimya, shingo imemkakamaa, ewe Mola, jibu ninalo, liko kwenye ncha ya ulimi, hapana, silo, nililo nalo ni hadithi yangu mimi, uma uzi, mzee, uma... “Shaba iliyotawanyika haina neno,” anasema polepole, wala haliambii kabati tena, “lakini chembe zikipigwa, shaba inapata njia. Inatembea, inakutana na shaba nyingine, nikeli na manganisi zinaifuata nyuma. Haba na haba. Vinundu hivyo vinakibana chuma, kinazidi ugumu, hakipindi. Na kisichopinda hupasuka.” Lo, haba na haba, nitawaambia watu nilimpa mimi, nitaapa, ila sikumpa, kaitoa mwenyewe ndani ya ukimya ule ambao siku zote nimekuwa nikiuwahi kuujaza, kwa mapenzi, Mungu shahidi, kwa mapenzi kabisa, tone hili la hadithi, tone lile, na shingo ya mwenzangu inakakamaa... uzi haujapita, mate yamenijaa mdomoni, na yeye anageuka, wasiwasi umemwingia usoni.

“Baba watoto, mbona kimya? Unaumwa?”