Kidonge cha Mchanganyiko

Fundi alikuwa na ugomvi wa miaka thelathini na vitambaa vya mchanganyiko. Mpelekee pamba iliyotiwa nailoni umwambie ni pamba tupu, atachomoa uzi mmoja, auunguze kwa kiberiti, aunuse, kisha akurudishie kitambaa chako bila hata kwaheri. Kwake yeye, vitu viwili vikishatiwa pamoja, basi kuna mtu anaibiwa.

Sasa mtu wa namna hiyo, mwenye ugonjwa wa sukari mwaka wa nne, ndiye aliyeletewa dawa mpya na mkwewe, mke wa mwanawe. Zamani alimeza vidonge viwili, kimoja kikubwa, kingine kidogo. Mkwe alimweleza kuwa daktari amempa kimoja chenye dawa zote mbili ndani yake, akimeze asubuhi na jioni pamoja na chakula, na vile vya zamani aviache kabisa. Fundi aliitikia, lakini machale yalimcheza. Ni kweli yeye mwenyewe alimtuma mkwe akachukue majibu ya vipimo, kwa kuwa suti ya bwana harusi ilikuwa mezani inamsubiri. Lakini mkwe huyohuyo alishasema, tena mara mbili, kwamba kile chumba cha mbele cha kushonea kingefaa sana kuwa saluni. Haya, wewe ungelala usingizi?

Basi akawa anameza kidonge kipya mbele ya macho ya mkwe, na mkwe akigeuka tu, anatoa vile viwili mfukoni mwa koti na kuvisindikiza kwa maji. Hivyo vya zamani alivijua.

Siku ya tatu mikono ilianza kumtetemeka na jasho likamtoka bila kazi yoyote. Akajiambia, ndiyo hii sasa, ananimaliza kidogo kidogo. Tangu hapo hata chakula cha mkwe akakiogopa. Alikuwa akisukuma sahani na kudai ameshiba, mzee wa watu, tumbo likinguruma.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, mkwe aliingia chumba cha kushonea kumwuliza jambo akamkuta ameegemea meza, shati limeloa, mkasi mkononi. Hakuuliza tena. Alikimbia jikoni akarudi na kikombe cha maji aliyoyakoroga kwa sukari nyingi.

"Kunywa, baba. Sukari yako imeshuka."

"Mgonjwa wa sukari unamnywesha sukari?" Fundi aliuma meno. Aliogopa kufa, na aliogopa kufa mbele ya yule anayemwua. Alitaka kuwaita majirani waje washuhudie, lakini ulimi ulikuwa mzito. Akainamisha macho mezani, na hapo akaiona suruali ya bwana harusi. Mguu wa kushoto ulikuwa umekatwa gotini, mkato safi, ulionyooka. Aliyeukata ni yeye, na hakukumbuka hata kidogo. Katika maisha yake yote hakuwahi kuharibu kitambaa cha mtu. Akatambua kwamba kichwa kilichokuwa kikimtuhumu mkwe ndicho kilichokata ile suruali. Akafungua kinywa, akanywa.

Alipopata nguvu walikwenda zahanati. Muuguzi alimpima, akataka kuona kila anachomeza. Fundi alijikuna shingo weee, mwisho akatoa pakiti za zamani kutoka kwenye koti, mkwe akiwa amekaa pembeni yake. Muuguzi akashusha pumzi. Akamwambia kuwa siku tano hizi amekuwa akimeza kila dawa mara mbili, tena tumbo tupu, na kwamba kama sukari ingeendelea kushuka vile, angezimia asiamke. Alizichukua pakiti zile, akamwachia pakiti ya dawa mpya tu na kumshauri amwachie mtu mmoja wa nyumbani amsimamie.

Fundi alimnyooshea mkwe pakiti. Mkwe hakuipokea.

"Kwa hiyo ulidhani nakuua," alisema.

Fundi alitaka kukana. Kilichomtoka ni, "Si kile chumba..."

"Dawa zako mimi sizishiki tena. Mpe mwanao."

Akasimama, akamshika mkono akamteremsha ngazi taratibu, akimwangalia asijikwae. Njia nzima mpaka nyumbani hakumwita baba.