Geji ya Dizeli na Washa Niliyoinyamazia

Mume wangu Samwiri ana lori kuukuu la dizeli analohamishia watu nyumba. Tangu baridi ianze lilikuwa likiishiwa nguvu kwenye kila mlima, na hatukujua kama ubaya ni wa filta au wa pampu ndogo inayovuta mafuta tangini. Njia ya kujua ni moja: funga geji ya presha ya dizeli, uangalie sindano inasemaje. Mimi nina diploma ya ufundi mitambo niliyoipata Uganda. Hapa Sweden nimesafisha ndege uwanjani Arlanda kwa miaka kumi na saba, lakini geji ningeifunga. Hakuna aliyeniomba. Binti yetu Mirembe alimleta Tiana.

Tiana ni fundi wa malori, Mkongo wa Lubumbashi, ana gereji yake hapa Märsta. Mirembe anasoma ufundi wa magari na alitaka kwenda kwake kujifunza kazi kuanzia Juni. Sharti la Tiana lilikuwa fupi: Mirembe afunge geji ya baba yake peke yake, isipovuja hata tone, nafasi ni yake.

Jumamosi asubuhi tulikodi nafasi kwenye karakana ambako watu hujitengenezea magari wenyewe. Mirembe alikuja amesuka mistari sita kwenda nyuma, kama Tiana. Nywele zile nimezisuka mimi tangu ana miaka mitatu. Safari hii hakuniambia.

"Da Tiana, nianze na paipu au nianze na waya?" aliuliza.

Kwa Kiswahili. Mimi nyumbani nasema Kiswahili hadi koo linakauka, naye ananijibu Kiswidi.

"Unaniuliza mimi?" Tiana akacheka. "Leo mimi ni mgeni. Mama Mirembe, jambo sana. Utamshikia tochi?"

"Nitashika," nikasema. Nilitaka kumwambia kwamba nilishika spana kabla yeye hajaota meno.

Samwiri, ambaye hajui kunyamaza, akaongeza, "Wanawake watatu kwa lori moja! Mimi nibaki kuchemsha kahawa tu."

"Chemsha," tukamjibu wote. Ndicho kitu pekee tulichokubaliana siku hiyo.

Kazi yenyewe haina uchawi. Paipu ya dizeli inatoka kwenye filta kwa kichwa chenye tundu, na bolti yenye uwazi inapita katikati yake. Unaitoa bolti ile, unaweka nyingine iliyotobolewa ili ipokee mpira mfupi wa kihisi cha presha; waya wake unapanda hadi kwenye geji mbele ya dereva. Juu ya kichwa kile kuna washa ya shaba, pete bapa ya kuziba, na chini yake kuna nyingine. Hizo ndizo zinazozuia mafuta. Zinatoka mbili za zamani, zinaingia mbili mpya.

"Usizungushe tepi kwenye nyuzi za hiyo bolti," nilimwambia. "Vipande vitakimbilia kwenye nozeli, viizibe."

"Mamma, jag vet. Det har Tiana sagt."

Anajua. Tiana alishasema. Nikasogeza tochi karibu.

Tiana alisimama mbali makusudi, mikono mfukoni. Mirembe alifungua bolti, akaweka washa ya zamani kwenye sinia. Washa moja. Nilielekeza tochi kwenye filta nikaiona ya pili: imeng'ang'ania pale pale, nyeusi kwa uchafu, ukiitazama haraka utadhani ni chuma cha filta yenyewe. Ukipachika mpya juu yake, haitakaa sawa. Itavuja.

Nilikuwa na muda wa kutosha kumwambia. Alifuta mikono, akafungua pakiti, akapachika washa mbili mpya, akakaza bolti taratibu kama alivyofundishwa. Mimi nilishika tochi, kimya. Nilijiambia kwamba nataka Tiana aaibike, si mwanangu. Lakini spana ilikuwa mkononi mwa mwanangu.

Alipampu dizeli kwa mkono hadi hewa ikaisha. Samwiri akawasha injini. Sindano ikapanda vizuri na Mirembe akaruka kwa furaha. Kisha Tiana akasogea na karatasi nyeupe, akaipitisha chini ya bolti. Ilirudi na doa.

"Zima!" akaita. "Bon. Inavuja."

Mirembe alichukua spana aikaze zaidi.

"Wacha, utakata bolti. Tulisema nini juu ya tone?"

"Tulisema hata moja," Mirembe akajibu, na kidevu chake kikaanza kutetemeka vile kilivyotetemeka siku ya kwanza nilipomwacha chekechea.

Hapo nikashindwa. "Kuna washa ya zamani imebaki ndani. Niliiona kabla hujafunga."

Mirembe akageuka. "Uliiona?"

Aliniuliza kwa Kiswahili. Nikaishusha tochi.

"Mama Mirembe," Tiana akasema, bila kupaza sauti, "mwenye tochi ni jicho la fundi. Jicho likificha, afadhali giza. Mpe baba yake."

Nikampa Samwiri tochi. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Mtihani uliingiliwa," Tiana akamwambia Mirembe. "Lakini kuhesabu washa ilikuwa kazi yako. Umehesabu?"

"Sijahesabu."

"Basi hesabu. Rudia."

Nilirudi nyuma hadi mlangoni. Nilimwona akiibandua ile washa kwa ncha ya bisibisi bila kukwaruza filta, akapasafisha, akapachika mbili mpya. Aliweka zile mbili za zamani juu ya sinia, akamwonyesha Tiana, si mimi. Injini ilinguruma nusu saa. Karatasi ilitoka nyeupe. Tiana akatoa nyingine. Ikatoka nyeupe pia.

"Juni," Tiana akasema.

Mirembe alimkumbatia hadi wote wakapakana dizeli. Mimi nilikuwa nimeshika koti la mwanangu. Alikuja, akalichukua, akasema, "Tack," asante ya Kiswidi, akatoka na Tiana kuelekea stesheni ya treni.

Nilipanda lori na Samwiri. Tulipofika kwenye mlima, sindano ikaanza kushuka na injini ikalegea.

"Badili filta kwanza," nikamwambia. "Usikimbilie pampu."

Samwiri aliitazama geji, kisha akatazama barabara.

"Ngoja nimuulize Mirembe," akasema.