Maji ya Chini ya Tangi

Kioo alifia kazini, kwenye gereji ya nyumbani kwake, barakoa ya rangi ikiwa bado usoni. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu gari likitoka mikononi mwake ungeweza kujitazama mlangoni pake ukachana nywele. Mkewe, mshonaji wa nguo, ndiye aliyemkuta. Watu walikuja, wakambeba, wakamzika, wakatawanyika. Kompresa, mashine ya kushindilia upepo wa kupulizia rangi, hakuna aliyekumbuka kuizima.

Ikabaki hivyo, inaishi. Upepo ulikuwa ukivuja taratibu kwenye maungio ya mpira wa kupitishia upepo, na tangi likipungua mashine inajiwasha, inanguruma mpaka lijae, kisha inanyamaza. Mjane yuko jikoni mchana, nyumba kimya, mara anausikia ukuta unatetemeka. Siku ya kwanza sahani ilimponyoka. Baadaye akazoea, halafu akaanza kuingoja. Ikiwaka, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kikombe cha pili kabla akili haijauwahi.

Mdogo wa marehemu naye alikuwa fundi rangi. Alipoomba kuitumia gereji, mjane hakumkatalia. "Ni pa kaka yako," alimwambia. "Ila mashine usiizime."

Shemeji alidhani ni maneno ya msiba, akaitikia. Akaleta mlango wa gari, akaupiga msasa, akaufuta vumbi, akapuliza rangi. Ilipokauka ilikuwa imejaa malengelenge, kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto. Akaikwangua, akarudia. Yakatoka yaleyale. Akaielekeza bunduki ya kupulizia kwenye kiganja chake, akabonyeza bila rangi. Kiganja kikalowa.

"Hewa ina maji, shemeji," alisema, akisimama mlangoni mwa jikoni huku akijifuta mkono kwenye suruali. "Mashine inavuta hewa ya chumba na unyevu wake wote. Ikishindiliwa inapata joto, ikipoa maji yanatuama chini ya tangi. Kaka alikuwa anayamwaga kila akimaliza kazi. Sasa yamejaa, yanapanda na upepo mpaka kwenye rangi. Nataka nifungue koki ya chini."

"Usifungue."

"Kidogo tu."

"Nimesema usifungue." Nguo aliyokuwa akiipinda ilimponyoka, wala hakuiinamia.

Shemeji alivuta kigoda, akakaa. Mwishowe mjane alisema mwenyewe, akitazama sakafu. Siku ile mumewe alikuwa mle ndani tangu asubuhi, anakohoa, anaimba, anapumua, na mashine ilikuwa ikivuta hewa hiyohiyo. "Pumzi yake imo mle. Ukifungua, utamtoa."

Ingekuwa rahisi kucheka. Shemeji hakucheka. Alisugua magoti yake. "Hewa ya siku ile haipo tena, shemeji. Imevuja zamani, imeingia nyingine." Hapo akasita, maana alikuwa mtu asiyejua kudanganya. "Ila maji hayana pa kuvujia. Ya siku ile yangalipo. Chini kabisa."

Mjane akainua uso. Upande wa pili wa ukuta, mashine ikawaka. Wote wawili waligeuza shingo, na kwa muda ule mfupi shemeji alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"Hata mimi huisikia hivyo," alisema iliponyamaza. "Ikiwaka nikiwa nimeipa mgongo, sigeuki." Akaelekeza kidole ukutani. "Lakini maji yanakula chuma. Tangi likiliwa litapasuka, na mmoja wetu atakuwa karibu."

Mjane aliinuka, akachukua beseni. "Nitafungua mwenyewe."

Shemeji alichomoa waya, akapunguza upepo kwa juu. Mjane akapiga magoti, akaikamata koki kwa koleo maana ilikuwa imeshika kutu. Mwanzo hakikutoka kitu. Kisha tangi likakohoa. Kikohozi kikavu cha mtu mwenye rangi kifuani, kilekile cha kaka yake, na shemeji akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Maji yakaja, rangi ya chai kali, yenye chembechembe za kutu. Yalikuwa vuguvugu. Mjane alikinga kiganja, akaacha yampite vidoleni. Alisema kitu kwa sauti ya chini, ambacho shemeji alijitahidi asikisikie.

Maji yalipokwisha, shemeji aligonga tumbo la tangi kwa spana. Chuma kikabonyea. Lilikuwa limebaki ganda tu.

Akalitoa, akafunga mota kwenye tangi jingine, akapandisha bomba ukutani ili maji yarudi chini yenyewe, na kabla ya mpira akaweka chujio la kunasa unyevu. Mlango ule wa gari ukatoka laini.

Beseni mjane hakulimwaga. Aliliacha pembeni mwa gereji mpaka maji yakakauka yenyewe, yakarudi kwenye hewa waliyokuwa wakiivuta wote wawili.

Mashine sasa haikuvuja wala kujiwasha yenyewe, na jikoni palimshinda kwa ukimya. Alihamishia cherehani kibarazani, mbele ya mlango wa gereji, akawa anashona hapo. Kuna siku humweleza mumewe habari za mtaani, kwa sauti ya kawaida, nani kahama na nani kajifungua, naye shemeji yumo ndani na bunduki ya rangi mkononi. Shemeji hageuki. Akiona maneno yamekuwa marefu, huachia kifyatuo, akangoja amalize, ndipo akaendelea na kazi.