Mtani Kwenye Machela

Raymundi, bwana maendeleo wetu pale Puge, alirudi kutoka kozi Tabora mjini akiwa na habari za ubongo. Haki ya Mungu. Sisi tulikuwa tunatafuta mabati ya kuezekea chumba cha kujifungulia cha zahanati yetu, yeye katuletea ubongo. Akasimama mbele ya mkutano akasema amefundishwa kwamba ubongo wa binadamu hushika jambo moja tu kwa wakati mmoja, na anayetaka watu wachange lazima alizingatie hilo. Haya, vizuri. Kisha akaanza: takwimu za wilaya, malaria, Azimio la Arusha, kujitegemea, pamba, visima, vyoo. Kornel, mwenye ng'ombe kutushinda sote, akakoroma waziwazi.

Mimi Lugembe sina subira hata siku njema, na siku ile ndiyo kabisa. Binti yangu Nyamizi alikuwa na mimba kubwa. Mwaka uliotangulia tulimbeba kwa machela kumpeleka hospitali ya Nzega, uchungu ukamzidi njiani, mtoto akafia kwenye mchanga wa mto. Kuta za chumba tulishazijenga wenyewe kwa matofali mabichi. Zikinyeshewa bila paa, zinarudi kuwa matope, na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya. Halafu mtu ananisimulia ubongo!

"Raymundi," nikapaza sauti, "wangu umejaa. Kaa chini!"

"Vumilia kidogo, mzee wangu. Nimebakiza mambo machache tu."

Hapo akainuka Mwanahawa, mkunga tuliyeletewa na serikali. Mwanahawa ni Mzaramo wa Kisarawe, na Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani. Mtani akija msibani kwako anaweza kujilaza kaburini, asitoke mpaka umpe kitu. Nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha mwenyewe. Basi Mwanahawa akaichukua machela iliyoegemezwa ukutani, akaiweka katikati ya mkutano, akajilaza chali. Na mwili wake, Mungu ambariki, haukuwa mdogo.

"Nimeshikwa na uchungu," akatangaza. "Nipelekeni Nzega."

Watu wakaangua kicheko. Kornel akazinduka.

"Mnacheka nini?" Mwanahawa akauliza. "Si ninyi wapagazi? Babu zenu walibeba pembe hadi Bagamoyo, ninyi mnashindwa na Mzaramo mmoja? Au Wanyamwezi wa siku hizi wanabeba maneno tu? Wewe Kornel, uliyelala vizuri, shika mbele. Na wewe, bwana ubongo, shika naye."

Utani ni utani. Wakashika, na wanaume wengine wawili wakashika nyuma. Mkutano mzima ukafuata, akina mama wakipiga vigelegele, na Mwanahawa huko juu hanyamazi: "Polepole! Mmebeba mtu au gunia la karanga?" Raymundi akajaribu kueleza jambo, akaambiwa pumzi hizo ni za kubebea. Hata mimi, na hasira zangu zote, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Tulipofika mtoni, mto wenyewe mkavu, mchanga ukawameza miguu. Kornel alikuwa akitiririka jasho.

"Tumshushe hapa," akasema akihema. "Tupumzike kidogo."

 Nikageuka kumtafuta binti yangu. Nyamizi alikuwa amesimama na wanawake wenzake, mkono juu ya tumbo, macho kwenye mchanga.

"Mzee Kornel," akasema taratibu, "msimshushe hapa."

Hakuna aliyecheka tena. Kornel alikuja kutupa pole siku zile za msiba wa mtoto, akala, akaondoka; siku hiyo ndiyo kwanza nilimwona anaelewa.  Akauinua mti wa machela begani, wakageuza, akabeba mpaka zahanati bila kubadilisha bega wala kuomba mtu ampokee. Raymundi akafungua kinywa, akakifunga mwenyewe. Nilimpenda siku ile.

"Nina mabati," Kornel akasema tulipofika kwenye zile kuta. "Ya nyumba yangu mpya. Nyumba inaweza kungoja. Haya mtani, shuka."

"Sishuki mpaka niyaone."

Basi wakambeba mpaka kwa Kornel.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuta chumba kimeezekwa na Nyamizi yumo ndani. Mimi nilikuwa nje nimebanana na ukuta, nimetega sikio. Mvua ilipiga yale mabati kwa kishindo, sikusikia mtoto wala mama, nikajua basi, yamekuwa yale yale. Nikalia, mtu mzima mimi, nikalia. Mara Mwanahawa akafungua mlango, akaniwekea mjukuu mikononi. Alikuwa ameachama kinywa chote, amekunja ngumi, analia kwa nguvu zake zote, na mimi bado simsikii.