Sala ya Mvua kwa Shingo Upande

Kisa hiki Himoonde hukisimulia mwenyewe, tena kwa kujicheka, kila anapopata watu wa kunywa nao chibwantu. Anasema bora akisimulie yeye, maana akimwachia shemeji yake Cheelo atakitia chumvi hadi kisilike.

Alikuwa mkulima wa mahindi karibu na Chisekesi, kusini mwa Zambia, na mdomo wake ulijulikana kuliko mahindi yake. Siku binti wa bima, Mainza, alipokuja kwenye ushirika kueleza kwamba wakulima wachangie kabla ya kupanda, kisha mvua ikigoma walipwe, Himoonde ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Mimi bima yangu ina pembe," alisema. "Inakula majani, na haijawahi kuniomba saini."

Watu wakaangua kicheko. Akakaa kichwa kimemvimba. Cheelo, kaka wa mkewe, alicheka kama wengine, kisha akaenda kujiandikisha.

Msimu ule jua liliwaka bila huruma. Ng'ombe wakakonda, na kwa kuwa kila mtu alikuwa anauza, bei ikaporomoka. Himoonde akawauza maksai wake wa kulimia, wote wawili, na unga alioununua ukaisha kabla hata hajazoea kuliona zizi likiwa tupu. Cheelo alilipwa na bima. Akanunua chakula na mbegu, na maksai wake hawakuguswa.

Basi wakati wa kulima ulipofika, Himoonde akaenda kuazima.

"Karibu, mulamu," Cheelo akamwambia shemeji yake. "Chukua. Ila hawa wangu wanapenda kuomba saini."

Mwaka huo mkewe, Mama Luyando, aliuza kuku wake akalipa bima. Himoonde alikubali kwa sharti moja, kwamba wanywaji wenzake wasijue.

"Haya, sasa tulime shamba lote," mke akasema. "Na mbolea tuweke."

Tangu waoane, Himoonde alikuwa akilima nusu ya shamba, kwa mbegu alizobakiza, bila mbolea hata kiganja kimoja. Mbele za watu aliita huo ujanja. Kumbe ulikuwa woga mtupu: aliogopa kuzika pesa ardhini halafu mvua isije.

"Na mvua isipokuja je?"

"Tutalipwa. Baba Luyando, kuku wangu nimewauzia nini?"

Wakapanda shamba lote, mbegu mpya, mbolea juu. Mahindi yakatoka yamesimama kama askari.

Halafu, Januari, mvua ikakatika. Majirani wakaanza kutembea kichwa chini. Himoonde naye akaanza kuota. Malipo yakija atanunua maksai, redio, labda na koti. Asubuhi alitoka nje, akaona anga jeupe, akarudi ndani akipiga mluzi. Siku wingu lilipojitokeza, alinuna hadi nshima, ugali wa kwao, ikamshinda.

"Unaumwa?" mkewe akamuuliza.

"Siipendi hali ya hewa."

Jumapili kanisa likafanya sala ya mvua, na mchungaji, akijua Himoonde ana sauti nene, akamwita aongoze. Akasimama mbele ya watu waliofumba macho, wengine wakilia, na mahindi yao yamejikunja mashambani.

"Bwana," akaanza, "tunaomba mvua. Lakini kama una shughuli nyingine, usijilazimishe."

Mama Luyando akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Himoonde akafupisha, akasema amina, akaketi. Hapo, anasema, alijionea haya kweli, maana kikongwe aliyekuwa jirani yake kwenye benchi alimshika mkono akamshukuru.

Walipokuwa njiani kurudi nyumbani, mvua ikawashukia. Wenzake walikimbia wakiimba. Yeye alitembea, amelowa chapachapa, akimuaga maksai mmoja, akimuaga wa pili, akiiaga redio.

Wakavuna mahindi ambayo ghala lilishindwa kuyameza. Mengine yakalala chumbani, wao wakalala ukumbini. Mtu mwingine angeshukuru. Himoonde alipanda baiskeli hadi kwa Mainza, akakuta foleni, Cheelo akiwa ndani yake.

"Binti, nirudishie pesa za kuku," akasema. "Ukame niliolipia haukuja."

"Pole, baba," Mainza akasema. "Kwani hukuvuna?"

"Nimevuna! Sijawahi kuvuna hivi maishani."

"Kwa nini mwaka huu?"

"Nililima shamba lote. Mbegu mpya, mbolea."

"Na miaka yote ile hukufanya hivyo kwa nini?"

"Niliogopa uka..."

Foleni nzima ikamgeukia, ikimsubiri amalize. Akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeshonwa humo.

"Malizia, mulamu," Cheelo akasema taratibu. "Tunakusikiliza."

Himoonde akacheka. Alicheka hadi akashika meza, na foleni ikacheka naye, na Mainza akafuta machozi. Kisha akaomba kalamu ajiandikishe tena.

Nyumbani mkewe alimkuta akiosha baiskeli.

"Wamekurudishia?"

"Hapana."

"Walisema nini?"

"Wao? Hawakusema kitu," Himoonde akajibu. "Nilisema yote mimi mwenyewe."