Virusi vya Mayu Milembe

Kompyuta zote kumi na mbili ziligoma tena, na Madam Marcelina, mwalimu wa kompyuta, akapiga meza kwa kiganja hadi kipanya kikaruka. Siku ya tatu sasa! Kila asubuhi akijaribu kuingiza ile programu ya majedwali wanayoingoja Kidato cha Nne, jibu ni lile lile: kifurushi hakijathibitishwa, kimekataliwa. Kompyuta ya kwanza hivyo, ya kumi na mbili hivyo hivyo.

Ingekuwa ni programu tu angenung'unika, akaenda zake kunywa chai. Lakini hapa kulikuwa na mtu wa kufukuzwa. Mayu Milembe, yaani Mama Milembe kwa Kisukuma, mhudumu wa shule, mama wa watu aliyefagia madarasa na kupiga kengele kwa miaka kumi na minne, alikuwa chumbani kwake anafunga vyombo. Ijumaa, Mkuu wa Shule, Mwalimu Ferdinand, alimkuta amechomeka simu yake kwenye kompyuta ipate chaji. Jumatatu kompyuta zikagoma. Basi Mkuu hakutaka kusikia la mtu: Milembe kaleta virusi. Jumanne akamsomea barua ya kumfukuza paredini, mbele ya wanafunzi mia sita, mjukuu wake Goodness akiwa mstari wa mbele kabisa. Alipomaliza akairudia kwa sauti kubwa zaidi, ati wa nyuma hawakusikia! Leo Jumatano, saa sita mchana, mama akabidhi funguo arudi kwao Zagayu.

Marcelina alikuwa ameomba jambo moja tu: aachiwe hadi saa hiyo aonyeshe kosa liko wapi. Na kosa lilikuwa halionekani. Alibadilisha laini ya intaneti, akafuta vifurushi vyote akavishusha upya, akazima na kuwasha mpaka vidole vikamuuma. Wapi!

"Bado tu, Madam?" Mkuu alichungulia mlangoni, kikombe mkononi. "Si uiamuru mashine isikague? Ikubali tu, tuendelee na kazi."

"Mkuu, hii ni Linux. Kila kifurushi kinakuja na muhuri wa waliokitengeneza, na kompyuta inakagua muhuri kabla ya kukipokea. Nikiondoa ukaguzi, hapo ndipo virusi vya kweli vitaingia."

"Vimeshaingia. Na aliyeviingiza tunamjua." Akaondoka akipuliza chai yake.

Damu ilimchemka Marcelina. Alitamani amrushie kibodi mgongoni. Mtu mzima, shahada ukutani, anamvua mama wa watu nguo hadharani kwa sababu ya waya wa chaji! Akaketi kwa kishindo, akajaribu tena, na safari hii, kwa hasira tu, akasoma lile jibu lote hadi nukta ya mwisho. Siku zote tatu alikuwa akisoma mstari wa kwanza na kulaani.

Mstari wa mwisho ulisema muhuri haujaanza kutumika. Bado muda wa saa mbili na dakika kumi.

"Haujaanza?" alijisemea. Muhuri umepigwa leo alfajiri, utasemaje haujaanza? Akatazama saa kwenye kona ya kioo: 3:05. Sawa, saa tatu na dakika tano asubuhi, ndiyo saa yenyewe. Akatoa simu mfukoni ahakikishe. Simu ilisema 9:05.

Marcelina akaiweka simu kando ya kioo. Lo! Siku tatu amekuwa akiitazama tatu ile, na kichwa chake kinaisoma saa tatu kama wanavyosema watu wote kuanzia hapa hadi kwao Binza, wala hakushtuka. Lakini kompyuta haijui saa zetu. Kwake tatu ile ni saa tisa usiku, kuku hata hawajawika, na alfajiri ulipopigwa muhuri bado haijafika. Ndiyo maana ikaukataa. Akakimbilia ya pili, ya tatu, ya nne. Zote ziko nyuma kwa saa sita kamili.

Akarudisha saa mahali pake kwenye ile ya kwanza. Programu ikaingia kimya kimya, bila neno.

Badala ya kufurahi, hasira ndiyo kwanza ikapanda. Saa za mashine hizi hujirekebisha zenyewe kwa intaneti. Mtu amezizuia kwa makusudi, na kuzizuia kunataka paswedi. Akafungua kumbukumbu za mfumo, na hazikumficha: Jumamosi asubuhi, kompyuta kumi na mbili, mtumiaji "mkuu".

Aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Mkuu, Jumamosi ulizigusa saa za kompyuta?"

Ferdinand aliweka kikombe chini. "Aa, zile. Wazazi walipokuja kikaoni wakaniuliza, mbona ni saa tatu na mashine zinasema tisa? Wakacheka. Nikaona aibu, nikaziweka sawasawa. Kwani vipi?"

"Vipi? Saa hizo ndizo virusi! Ni wewe! Wewe na paswedi yako!"

"Punguza sauti, Madam."

"Sipunguzi! Ulipaza yako paredini, tena mara mbili!"

Ikabidi Mkuu aende chumba cha kompyuta kuona. Marcelina akamwonyesha kompyuta iliyorekebishwa, kisha akamwekea mbele ile kumbukumbu yenye jina lake. Mkuu alitazama, akakohoa, akafuta miwani, akatazama tena. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ni kakosa kadogo, kanampata yeyote. "Mwite mama arudi kazini, yaishe."

Milembe akaja, kanga kiunoni, funguo mkononi, akaweka mezani barua yake na chuma cha kugongea kengele, tayari kukabidhi. "Mwangaluka, Mwalimu," alimwamkia Marcelina peke yake. Marcelina akamweleza yote kwa Kisukuma, asibaki na shaka hata kidogo.

Mkuu akachukua kile chuma, akamnyooshea. "Yameisha, mama. Saa nne hiyo, kapige kengele."

Milembe hakunyoosha mkono.

"Yameishia wapi, Mkuu? Humu ndani, sisi watatu?" Sauti yake haikupanda. "Jana mjukuu wangu hakula. Wenzake wanamwita Virusi. Kuniita mwizi kungekuwa afadhali, mwizi watu wanamwelewa. Barua uliisomea pale nje. Piga kengele mwenyewe."

Mkuu alimtazama Marcelina. Marcelina alikuwa ameshafungua mlango, barua ya kufukuza mkononi.

Mkuu akatoka na kile chuma. Akagonga rimu ya lori inayoning'inia pale uwanjani, vibaya vibaya, wanafunzi wakachungulia madirishani kuona ni nani huyo asiyejua kupiga kengele. Wakapanga mistari. Goodness alikuwa mbele, macho yameshuka kwenye viatu. Milembe akapita kando ya mistari yote, akaenda kusimama nyuma kabisa, na funguo zake.

Mkuu akafungua mdomo. Alisema kwamba kompyuta, kwamba Jumamosi, kwamba yeye. Aliyasema chini chini, hata mstari wa pili haukuyapata.

"Sauti, Mkuu!" aliita Milembe. "Rudia! Wa nyuma hatusikii!"